Unga Mwekundu Mbele ya Kamati

Siku yangu ya kwanza kiwandani, pale Turwa, Meneja Uzalishaji alinikabidhi kipima unyevu, kifaa kidogo kinachoonyesha nafaka imekauka kiasi gani. Akaniambia, kwa neno letu la kumwita kijana, "Mura, ukikiangusha, usirudi." Sikukiangusha. Nilipelekwa kituo cha ununuzi cha Nyarero, kisha nikarudishwa Turwa nikiwa msimamizi wa ubora. Tulisaga unga wa muhogo na mtama mwekundu, ule ule tuliokulia sisi.

Vijana huniuliza kwa nini kampuni ipoteze siku kwenye vikao vya kamati ya viwango vya ubora. Nami nilimuuliza hivyo hivyo Mkurugenzi wetu, mama asiyependa maneno mengi. Alinisukumia rasimu, yaani kiwango kabla hakijapitishwa. Iliandikwa kwamba unga wa mchanganyiko uwe mweupe.

"Ikipita hivi tunafunga," alisema. "Na watu wa Nyarero watamuuzia nani mtama? Walioandika si wabaya, hawajauona tu unga wetu. Nenda ukakae nao."

Basi nikafanya ujinga wa kikwetu kabisa. Kwetu mgeni hapewi cha kila siku. Nikachagua muhogo mweupe kuliko wote, mtama nikatia kiganja tu, nikachekecha mara tatu, nikaupeleka unga huo kikaoni. Mwenyekiti wa kamati akaushika, akafurahi.

"Kumbe mnaweza! Rangi ibaki kama ilivyoandikwa."

Nikatoka nje, nikampigia Mkurugenzi.

"Umewapelekea unga wa wageni," alisema. "Rudi ndani uwaambie."

"Nitaonekana mwongo, mama."

"Utaonekana wewe mmoja. Mtama ni wa watu wangapi?"

Nikarudi, nikakiri. Kwenye begi nilikuwa na unga wa nyumbani niliombebea shemeji yangu. Nikaumimina mezani, mwekundu.

"Huu ndio mnaokula?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kila siku, mzee."

Maabara iliupima unyevu na sumu ya muhogo, ukafaulu. Neno "mweupe" likafutwa, ikaandikwa rangi ya asili ya mazao. Hata mwenye kiwanda wa Mugumu, mshindani wetu, alinufaika. Mkurugenzi hakujali. "Na yeye ana wakulima," alisema. Sijapata kumwona bosi wa namna ile tena.

Siku ya kuniaga nilipoacha kazi pale, Mkurugenzi aliombwa anisifie. Alisimama, akasema, "Huyu alikubali kuaibika mbele ya watu asiowajua, mtama wa wenzake ukanunuliwa." Akakaa. Nililia mbele ya kiwanda kizima, na sioni haya kuwaambia.