Sikio la Ng'ombe wa Ami

Kamba ya makumbi iliyolowa mkojo wa ng'ombe ina harufu kali inayoganda kooni. Juzi niliinusa nikipita Tibirinzi, na kabla sijaiona kamba yenyewe nikamwona Ami Hemed mawazoni, na kanzu yake iliyopigwa pasi. Nikatema mate. Msinilaumu, sikilizeni kwanza.

Ami Hemed alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, karani wa ofisi moja Chake Chake, lakini kazi yake hasa ilikuwa kujisifu kwa asili. Kila jioni barazani aliwahesabu mababu kwa vidole: baba yake, babu yake, halafu kidole kinachofuata kilikuwa kishafika Maskati. Bahari nzima aliiruka kwa pumzi moja. Sisi watoto tulimwamini. Mimi nilidhani Maskati ni mbele kidogo ya Wete.

Nyuma ya nyumba ya huyo Mwarabu tulifuga ng'ombe, na maziwa yao ndiyo yaliyomsomesha. Hilo hakulitaja. Wafugaji wa kaskazini, wa nchi ya mawe upande wa Micheweni, aliwaita watu wa kwato, na akikutana nao sokoni aliinua pindo la kanzu kama anayevuka tope. Mtindi, lakini, aliunywa mpaka akalamba kata. Nyani haoni kundule.

Wakati huo ng'ombe alikuwa amebaki jike mmoja, ana mimba, na aliyemtunza ni dada yake Ami, Shangazi Asha. Shangazi alimpenda Shaame, kijana wa huko huko Micheweni. Nani asiyejua? Siku za mchezo wa ng'ombe, Shaame akiruka mbele ya dume, kigelegele cha Shangazi ndicho kilichochelewa kunyamaza. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wa kumwoza alikuwa Ami, na bila neno la Ami hapakuwa na harusi.

Siku ya posa nilirudi kutoka chuo cha Kurani nimekumbatia juzuu yangu, nikamkuta Ami bandani. Ami, bandani! Kanzu kaikunja kiunoni, kisu mkononi, na ng'ombe kafungwa kamba fupi, nusu ya sikio lake la kushoto haipo. Damu ilimchirizika mpaka shingoni.

"Lilikuwa na kidonda," akaniambia. "Nenda kaoge."

Alasiri akaja Mzee Faki, babu yake Shaame, pamoja na wazee wenzake, wananukia udi. Ami aliwaacha wamalize salamu, kisha akasema hawezi kumwoza dada yake kwa watu asiowajua asili yao.

Mzee Faki hakukasirika. "Hemed mwanangu, asili yetu ndiyo yenu. Baba wa babu yako, Makame, katoka kwetu. Mvua zilikata, akashuka huku na ng'ombe wake kutafuta majani. Sie na nyie mji mmoja, ukoo mmoja. Na kila mji una mkato wake wa kutia ng'ombe alama, hauazimwi. Wetu ni sikio la kushoto, mikato miwili. Twende bandani ukaone."

"Twendeni," akasema Ami, haraka mno.

Mzee Faki alikishika kile kipande cha sikio kilichobaki, kimejaa inzi. Akamtazama Ami, kisha akaomba viatu vyake alivyoviacha barazani.

"Basi," akasema. "Tushaona."

Shangazi alikuwa nyuma ya mlango, kauma ncha ya kanga yake. Na mimi, mtoto mjinga, nikawaza: maskini Shangazi, posa imevunjika kwa kidonda cha ng'ombe.

Ng'ombe alipozaa, Shangazi alimbeba ndama mpaka barazani, akamweka miguuni pa Ami, akalikata sikio la kushoto kwa wembe, mara mbili. Ami akageuza uso. Niliona ni mila tu.

Nilishakuwa mama wa watoto ndipo maana yake iliponijia. Mtu haifuti alama asiyoijua. Yule karani aliijua asili yake kuliko sisi sote, aliijua mpaka mikato yake, na akaona heri dada yake akose mume kuliko yeye akose Maskati. Angekuwa hajui, ningemsamehe.

Shangazi hakuolewa. Ami yuko hai, hawezi tena kutembea, na maziwa anayokunywa ni ya kizazi cha ndama yule. Hiyo juzi nilipoingia nyumbani kwao pale Tibirinzi, nilimkuta barazani akiwahesabia wajukuu mababu kwa vidole vilivyopinda: baba yake, babu yake, Maskati.

Shangazi akapita na ndoo ya maziwa, wala hakusimama.

"Umemruka Makame," akasema.