Mtoto wa Ndoo

Jina la Mama Sufi alilipata kwa kazi yake: kushona magodoro na mito na kuijaza sufi. Miaka arobaini amewalaza watu pazuri, yeye akiisubiri alfajiri kwa ajili ya ndoto moja tu. Bintiye, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka tisa, humjia mlangoni na ndoo kichwani, maji hayamwagiki, akauliza, "Mama, nimechelewa?" Picha yake hata moja haikubaki. Ndoto ndiyo ilikuwa picha.

Sasa ndoto hiyo iko sinema. Mwanawe wa kiume ametengeneza filamu ya watu wanaojipenyeza kwa mashine katika ndoto za wenzao na kuwaibia siri, na humo kamtia mtoto na ndoo yake.

Mke wa mwanawe aliketi juu ya gunia la sufi akimsomea magazeti, maana Mama Sufi herufi anazijua moja moja, kama majirani wasiosalimiana.

"Huyu anasema filamu inatisha, na ina akili."

"Mwingine?"

"Anasema mwisho umevurugika, hujui nani kaamka na nani bado kalala."

"Huyo ana macho. Endelea."

"Wote wamemsifu binti wa ndoo, Mama. Eti sura isiyosahaulika. Wanasema mume wangu kabuni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiota."

Sindano ikamchoma Mama Sufi kidole. Akakinyonya.

Mara mwana akaingia, meno yote nje. "Mama, umesikia? Kila gazeti!"

"Nimesikia. Umeingia ndotoni mwangu bila kubisha hodi, ukatoka na mtoto."

"Si ulinihadithia mwenyewe? Nilitaka dunia imjue mdogo wangu."

"Imjue nani? Yule wako kapakwa poda, nyusi kama zimepigiwa rula. Mwanangu alikuwa na kovu."

"Ni sinema tu, Mama."

"Tangu nitoke kwenye hiyo sinema tu yako, anayenijia ndotoni ni yule wako. Ndoo ile ile, swali lile lile, sura ya yule. Namwambia, rudi ukamwite mwenzako. Haondoki."

Mke wa mwana akalikunja gazeti taratibu. Mwana akachuchumaa mbele ya mamaye, bashasha imemtoka.

"Basi tumchore. Namjua mchoraji hodari. Wewe utamwelekeza, mpaka afanane. Hilo kovu lilikuwa kwenye nyusi ipi?"

Mkono wa Mama Sufi ukapanda na sindano yake, ukaelekea kulia, ukasita, ukaja kushoto, ukabaki hewani. Kichwa kile alikiosha miaka tisa.

"Ya kulia!" akasema kwa ukali, kama anayefukuza kuku.

"Ee, ya kulia," mwana akaitikia upesi. "Sasa nakumbuka."

Mama Sufi akamkazia macho. Akajua anadanganya, maana hata yeye alikuwa amedanganya.