Njia Inayoishia Uani

Mimi hujivuna kwa mambo machache, na kuchora njia ni mojawapo. Kamati ya kilima chetu cha Mururu ilipotaka njia ya bustani ya kumkumbuka mzee aliyetufundisha kupandikiza miti, sikungoja kuombwa mara mbili. Kabla yake tulikula maparachichi yenye kokwa kubwa na nyama kidogo. Yeye alileta vikonyo, vijitawi vya miparachichi bora, kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, vimefungwa kwa majani ya mgomba, akapandikiza, akagawa miche. Hakuna aliyetoka kwake mikono mitupu.

Kamati ilitaka njia iishie barabarani, kwenye jiwe la kumbukumbu, ili wageni wenye magari wasichafue viatu. Nikachora hivyo, nikaenda kumwonyesha mjane wake, ambaye sote tunamwita Maman.

"Njia inazunguka nyumba yangu sawa vile niko na ugonjwa," akasema. "Tangu mzee alikufa, hakuna muntu anabisha hapa. Zamani batu balikuwa banajaa, banakuja kuomba miche."

Niliona uchungu, kisha hasira. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilikuwa nimempitishia wageni nyuma ya ukuta. Nikachora upya: njia ianze barabarani, ipande katikati ya maparachichi, iishie uani kwake, kwenye mti wa kwanza mzee alioupandikiza.

Mwenyekiti wa kamati aligoma. "Papa, bageni bakubwa batatembea mu matope?"

Nikamwambia mzee alikanyaga tope hilo hilo maisha yake yote, na kama ua ule hautakiwi, atafute mchoraji mwingine. Hakutafuta. Wachoraji wa njia hapa kwetu hawaokotwi.

Siku ya ufunguzi Maman alikuwa ameujaza ua miche aliyoipandikiza mwenyewe, katika vifuko vyeusi. Kila aliyefika alipewa mmoja, akaulizwa habari za nyumbani kwake. Mwenyekiti alishuka kilima ameukumbatia wake kama mtoto mchanga, suti imejaa udongo. Nilifurahi kupita kiasi, wala sioni aibu kusema.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikanyoosha mikono. Maman akauchukua mche uliobaki, akauweka nyuma ya mlango wake.

"Weye sikupatie leo," akasema. "Utarudia kesho kuuchukua."

Nilirudi kesho yake, akaniambia kesho. Mpaka leo nabisha kwake, hajanipa, nami siudai.