Mwingereza Aliyemtoa Baba Nyumbani

Baba alisusa mikutano ya kijiji miaka saba, tangu aliposhindwa uenyekiti na kijana aliyewahi kumchungia ng'ombe. Hapa Kemambo kila mtu alijua. Wakipita kumwita, anajifanya anachonga mpini.

Kisha ukatangazwa mkutano wa mipaka. Jirani yetu wa bondeni alikuwa akidai malisho yetu, na kati ya wazee walioweka mawe ya mpaka ule alikuwa amebaki hai baba peke yake. Asipokwenda, malisho yamekwenda. Nilimbembeleza, nikagomba, maana hasira zangu ziko karibu. Wapi!

"Niliyekuwa nakaa mbele, leo nikakae wapi, mura, mwanangu?"

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikawa namsomea habari kwenye simu, kama kawaida yetu, kwa kuwa macho yake hayawezi tena herufi ndogo. Tukafika kwa waziri mmoja mkubwa wa Uingereza. Mtoto wa muoka mikate, akasomea sheria, akagombea ubunge akaangushwa mara mbili, ya tatu akapita. Akawa waziri. Halafu Waziri Mkuu akamfukuza.

"Ukoo wake gani?" baba akauliza.

"Hawajaandika."

"Ng'ombe?"

"Baba, ni Mwingereza!"

"Haya. Alipofukuzwa alihamia wapi?"

"Hakuhama. Alirudi bungeni; mawaziri wakakaa mbele, yeye akakaa viti vya nyuma."

Baba akaacha kuchokonoa meno. "Mbele ya wale wale waliomfukuza?"

"Wale wale. Na akisimama kusema, wanamsikiliza."

"Hana haya huyo mtu," akasema. Kisha akaniambia nirudie pale pa viti vya nyuma. Nikarudia. Akataka tena. Jamani, nilisoma sentensi ile mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kama tuna akili timamu.

Siku ya mkutano nikamkuta amevaa koti, kigoda chake kwapani. Nikamfuata tu, nisije nikaharibu. Tulipofika, mwenyekiti, yule yule, akainuka: "Shikamoo mzee! Karibu mbele huku."

"Marahaba. Hapa nilipo panatosha."

Akakita kigoda nyuma kabisa, karibu na akina mama wenye watoto. Jirani yetu alipomaliza kueleza yake, baba akasimama, akataja mawe manne, moja moja, na lile la tatu lililozama chini ya kichuguu. Wakaenda wakachimba. Lilikuwepo. Nilipiga kelele kama mtoto, sioni aibu kusema.

Tukirudi, njiani akauliza, "Yule Mwingereza, uwaziri walimrudishia?"

"Walimrudishia, baba."

Akatembea kidogo, kigoda kwapani.

"Amefanya haraka," akasema. "Kule nyuma unawaona wote wanaosinzia."

Tangu hapo hajakosa mkutano hata mmoja, na wakimwita mbele hataki.