Mjane Mdogo wa Babu

Babu alipokufa aliacha wajane wawili: bibi, na mimi niliyekuwa sina meno ya mbele. Msinicheke. Kwetu Ugogo mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na babu alinichumbia nikiwa bado mgongoni mwa mama. Bibi aliniita mke mwenzake, akinigombeza kwamba namharibia mume kwa kumpelekea mlenda uliopoa.

Basi watani wa ukoo wetu waliposhuka msibani kutoka vilima vya Kibakwe, walinikamata, wakaniketisha kwenye ngozi kando ya bibi, wakanifunga kaniki kichwani.

"Jamani, mjane mbichi kabisa huyu," akasema kiongozi wao, mama mmoja mnene asiyemwogopa mtu. "Nani anamrithi?"

Watu walicheka. Mimi nililia, kwa sababu nilimpenda yule mzee na nilitaka kuachwa nimlilie.

Ndipo baba akaingia uani. Mdachi alikuwa amemchukua kupasua mawe kwenye njia ya reli kabla mdogo wangu hajazaliwa, na sasa mtoto huyo alikuwa anakimbia. Nyapara alikuwa amemruhusu aje kumzika baba yake, kisha arudi. Mama alipomwona akasahau msiba, akapiga kigelegele, kisha akaziba mdomo kwa aibu. Alikuwa amechelewa. Shangazi aliyeolewa Kondoa alishamwitikia, na wajomba ambao njaa iliwatawanya, kila mmoja na upande wake, wakaanza kukumbatiana. Tulipokwisha kumzika babu, ng'ombe mweusi aliyetoa ngozi ya kumvika tukamla, pombe ya mtama ikazunguka, watu wakacheza mpaka vumbi likapanda juu ya tembe. Mpita njia angedhani tunaoza binti.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni: baba asirudi kule relini. Na nilijua desturi. Kitu alichokamata mtani msibani ni chake mpaka mwenyewe akikomboe, na hakuna wa kubisha. Walishakamata jogoo na kigoda cha babu. Nikamfuata yule mama mnene wa watani.

"Shikamoo bibi. Mkamateni na baba."

Alinitazama kidogo, akacheka, akachukua kamba ya ng'ombe, akamfunga baba mguu kwenye nguzo ya zizi. "Huyu wetu," akatangaza. "Haendi popote mpaka mumkomboe."

Baba alikula nyama pale pale, mguu kambani, mdogo wangu mapajani. Nilimzungukia kila mtu nikimsihi asimkomboe. Wote waliniahidi, nami nikaamini kwamba mambo yamekwisha.

Asubuhi askari wa Mdachi akaja kumchukua. Hakuuliza kamba ni ya nini. Alitoa kisu akaikata, akamwambia baba atangulie. Nikamgeukia yule mama mtani. Jana yake alikuwa amemtukana hata maiti, akimwambia babu amekufa kwa uvivu wa kulima. Sasa aliinama kuokota kipande cha kamba kilichobaki kwenye nguzo. Baba alinishika kichwa, akaondoka na kipande kingine bado kiko mguuni. Ua lilikuwa limejaa ndugu, wanaume wazima, na hakuna aliyeinuka.

Wageni walipokwisha kutawanyika nilikaa na bibi jikoni. Akakohoa kwa moshi. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Akakohoa tena, nikamuuliza tena, nikamsogelea nimtazame vizuri usoni.

Bibi aliacha mwiko ndani ya chungu. Alinielewa kabla mimi mwenyewe sijajielewa.

"Unataka nife ili baba yako aje kunizika?"

Alinivuta, akanifunika kwa nguo yake.

"Basi ningoje kidogo, mke mwenzangu," akasema. "Nimalize kupika."