Tanga Ambalo Halijaanuliwa

Mwaka 2018 siku za kazi nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja la Grand Prairie, huku ughaibuni, na Jumamosi naendesha gari hadi Richardson kukaa na watu wanaoandika hadithi fupi kwa Kiswahili. Wengi walikuwa Watanzania wenye kazi za ofisini, na Kiswahili chao kilinitia wivu. Mimi ni Mrundi, changu nimekiokota kwenye kambi ya wakimbizi. Tulikuwa tunaandaa mkusanyiko, na mwenyekiti wetu ndiye aliyeamua hadithi zipi ziingie.

Yangu ilimhusu mama ambaye mumewe alichukuliwa na wenye silaha, akapandishwa lori, ikawa ndiyo basi. Hakuna aliyemwona akifa. Kwetu msiba una siku yake ya kufungwa: ndugu na majirani wanakutana, wanakunywa pombe, mjane anaruhusiwa kuishi tena. Kila mwaka ndugu wanamsihi yule mama aifanye siku hiyo, naye anakataa, si mke wala si mjane. Katika hadithi nzima hakuna risasi hata moja iliyolia.

Mwenyekiti aliisifu kwanza, ndipo nikajua mambo yameharibika.

"Dada, lugha iko poa, ila vita sivioni," akasema. "Na huyu mama ni wa upande gani? Msomaji lazima a-connect naye."

Nikamwambia swali hilo nimewahi kuulizwa nikiwa msichana, kwenye kizuizi cha barabarani, na aliyeniuliza alikuwa ameshika panga. Yule sikumjibu, na yeye sitamjibu. Hasira zilinipanda na wala sikuzificha. Watu wanataka vita vyenye moshi; wakishahesabu maiti wanafunga kitabu, wanakwenda kulala. Vita ninavyovijua mimi ni viatu vya mwanamume vinavyopakwa rangi mwezi hadi mwezi na hakuna wa kuvivaa.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Alilegeza kamba: suala la upande akaliacha, ila mwisho lazima ubadilike. Kwao matanga yakifika siku zake yanaanuliwa, watu wanarudi makwao. Hakuona kwa nini mama huyu asianue lake apumzike, na msomaji naye apumzike. Nikiandika hivyo, hadithi inaingia; nisipoandika, inabaki nje. Nami, nisiseme uongo, nilitaka iingie. Sikuwahi kuona maneno yangu ndani ya kitabu.

Nikauandika huo mwisho niuone unavyokaa. Jumapili baada ya misa nikaupeleka Lewisville kwa shangazi yangu, dada wa baba, maana yule mama ni yeye, na alijua kwamba ninamwandika. Alinisikiliza akichambua maharage mezani. Nilipofika pale ndugu wanapokunywa pombe ya kumaliza msiba, mkono wake ukasimama.

"Ni nani alimukuta?" akauliza.

Nikamwambia hakuna.

"Basi usimuzike, mwanangu. Hao wanaotaka tumalize, waniambie kwanza kaburi liko wapi."

Nikampigia simu mwenyekiti palepale, nikamwambia mwisho ni ule wa kwanza, la sivyo aitoe. Akaitoa. Alinipa pole, na ilitoka moyoni, lakini sikuitaka. Mwenye kovu usidhani kapoa, nikamjibu, nikakata simu.

Kitabu kilipotoka bila mimi, shangazi aliwaita kwake wanawake wa jumuiya yake ya kanisani niwasomee. Walikuwemo wa pande zote mbili za vita vyetu, watu ambao zamani waume zao wangeweza kuuana. Nilisoma mpaka mwisho, mwisho wangu. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja, ambaye shangazi alikuwa akimsalimia tu mlangoni pa kanisa, alivuta kiti chake karibu naye, akamuuliza mume wake alikuwa amevaa nini siku ile waliyomchukua. Shangazi akamwambia. Kisha naye akamuuliza wa kwake.