Kibali cha Mbaazi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Tusekile wa Itaka aliizunguka mibaazi yake akitafuta ua. Akiliona moja tu la njano, alikohoa kwa kuridhika, ndipo akakumbuka kuwasha moto.

Ua hilo ndilo lililomshikia nyumba. Mwaka 1974, watu wa bondeni walipoambiwa wahamie kijiji kipya, kwenye nyumba zilizopangwa mstari kama sufuria dukani, yeye alimwomba Katibu Kata amwache kwanza avune mbaazi. Katibu huyo, ndugu Timotheo, alikulia Rungwe kwenye migomba. Maharage aliyajua, mbaazi alikuwa hajawahi kuzipanda. Akahesabu miezi mitatu kwa vidole, akaandika, akagonga muhuri: "Anaruhusiwa kubaki mpaka avune mbaazi zake zote."

Miezi mitatu ikaisha, mibaazi ikiwa kiunoni. Mwezi wa sita ikampita Tusekile kichwa. Mwezi wa tisa ikazaa, Katibu akaja mbio na baiskeli.

"Haya mama, funga mizigo."

"Za chini zimekauka, ndugu Katibu. Za katikati mbichi. Za juu, hebu tazama, ndiyo kwanza zinachanua."

Katibu akatazama juu mpaka kofia ikamwanguka.

Aliporudi baada ya mavuno, akakuta mibaazi imekatwa usawa wa goti, nayo inachipua upya. Kilabuni watu wakacheka: mbaazi wa wenzetu ukikosa maua husingizia jua, huu wa Tusekile unachanua mpaka unaikosesha Serikali usingizi.

Hayo yote Felista aliyasikia mwaka uliofuata, akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli ya Katibu. Alikuwa bibi shamba mpya, katoka chuoni juzi, mwenye haya hata ya kuitikia salamu.

"Mtaalamu," Katibu akamwambia walipofika, "mweleze mama huyu mbaazi zinaisha lini."

Felista alizisoma mbaazi kurasa nne, na kwa bahati mbaya alizikumbuka zote. "Mbaazi huzaa huku ukichanua, ndugu. Ukiukata unachipua. Miaka mitatu, pengine minne."

"Halafu?"

"Halafu hufa."

"Ahaa! Umesikia, mama?"

"Ila," Felista akanong'ona, akiangalia ardhi, "hapa katikati kuna miche mipya."

Tusekile akatazama mawingu. Katibu akanyoosha mkono. "Lete hicho kibali nikichane!"

Tusekile akakitoa kifuani, kimekunjwa mara nne. "Chana, baba. Lakini muhuri huo ni wa Serikali. Utaichana Serikali mbele ya binti msomi?"

Katibu akabaki ameshika karatasi. Mwishowe akaigeuza, akaandika nyuma, "Muda umeongezwa," akatia saini kwa hasira hadi kalamu ikatoboa. Kisha akaparamia baiskeli, akaondoka na kumsahau mtaalamu wake.

Tusekile akamkaribisha Felista kigoda na sahani ya mbaazi. Msichana akala, akajikaza, akauliza swali lililomkaa rohoni tangu njiani.

"Mama, kule kijijini kuna bomba, kuna zahanati. Kwa nini hasa hutaki kuhama?"

Tusekile akashangaa kwamba kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kiwanja nilichopangiwa kimepakana na wifi yangu, mwanangu."